Atomi moja ikikosekana, umeme unakatika? Jibu kwa mwanafunzi wa Kabambare

Maswali mengi yanayotufikia hapa Kasongo tunayajua hata kabla ya kufungua karatasi. Barabara ya Kabambare inapitika? Msaada wa chakula utafika lini? Nani amemuona mtoto wangu tuliyepoteana naye siku ya kukimbia? Hayo ndiyo tunayoyasoma hewani kila wiki, na ndiyo kazi ya redio ya mtaa.

Juma lililopita lilikuja swali la namna nyingine. Limetoka kwa mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari, ambaye familia yake ilikimbia vijiji vya upande wa Salamabila na sasa imepokelewa na wenyeji huku Kasongo. Hana shule kamili mwaka huu, lakini anajitayarisha kwa Exetat. Aliandika hivi: "Mwalimu alitufundisha kaboni inapitisha umeme. Je, atomi moja ikikosekana kwenye kaboni, umeme unakatika ama unapita pembeni?"

Nilimjibu hewani kwa dakika chache. Kabla hata kipindi hakijaisha, baba mmoja alipiga simu: "Ndugu mwandishi, watu wanalala chini, ninyi mnatuletea habari za atomi?" Sikumkatalia, maana anayosema ni kweli, watu wanalala chini. Lakini simu hiyo ilinifanya niandike jibu lote hapa, kwa ajili ya mwanafunzi yule, kwa ajili ya baba yule, na kwa ajili ya kila aliyenunua paneli au pile akajiuliza kwa nini nguvu zinaisha haraka.

Mimi si mwalimu wa fizikia. Nilisoma sekondari, nikafanya kozi ya uandishi wa habari. Kwa hiyo niliketi mchana mzima na mwalimu mmoja wa fizikia, ambaye naye ni mhami wa vita, nikaandika anavyoeleza, kisha nikasoma zaidi.

Kaboni yenyewe ni nini

Shika kalamu ya risasi, ile wengi tunaiita kreyo. Jina linadanganya, maana ndani yake hamna risasi ya aina yoyote. Ile nyeusi ya katikati ni mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na grafiti, na grafiti ni kaboni tupu. Kaboni ya jamii hiyo hiyo ndiyo kile kijiti cheusi kilicho katikati ya pile za redio zetu. Kijiti hicho hakitengenezi umeme. Umeme unatoka kwenye zinki ya nje na ile dawa nyeusi iliyojazwa ndani, na kijiti kazi yake ni kuukusanya na kuutoa juu, kwenye kile kichwa cha chuma.

Grafiti imepangwa kama majani ya daftari. Kila jani ni atomi za kaboni zilizoshikana katika umbo la pembe sita, mfano wa sega la asali. Majani hayo ni membamba mno: katika unene wa milimita 1 mnaingia majani karibu milioni 3. Ndiyo maana kalamu inaandika. Ukiikwaruza kwenye karatasi, majani yanateleza na kubaki pale.

Jani moja peke yake, lenye unene wa atomi moja, linaitwa grafini. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walionyesha dunia jinsi ya kulitoa. Chombo chao kikubwa kilikuwa utepe wa kunata, ule wa dukani wa kufungia karatasi. Walibandika utepe juu ya grafiti, wakabandua, wakarudia tena na tena mpaka wakapata jani moja. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwalimu wangu alisimama sana hapa. Alitaka wanafunzi wake wa chini ya mwembe wajue kwamba kazi ile ilianza na grafiti na utepe.

Umeme unapitaje juu ya jani hilo

Atomi ya kaboni ina elektroni nne za nje. Katika grafini, tatu zinatumika kushika majirani watatu. Ya nne inabaki huru, na haiwi mali ya atomi moja tena. Hizo za nne zote kwa pamoja ndizo zinazobeba umeme. Zinakwenda kasi ya kilomita karibu 1,000 kwa sekunde, na kama jani halina kasoro, zinakwenda mbali bila kugonga kitu.

Sasa tuje kwenye swali. Jani halisi huwa na kasoro, na kasoro ni za aina mbalimbali. Kuna pengo, pale atomi ilipotoka na nafasi ikabaki wazi. Kuna mahali atomi zimejipanga pembe tano na pembe saba badala ya sita. Kuna mishono, pale vipande viwili vya jani vilivyokua kila kimoja upande wake vilipokutana bila kulingana. Na kuna wageni, atomi za kitu kingine, kama hidrojeni au oksijeni, zilizonasa juu ya jani.

Motari wetu wa njia ya Kabambare watasema wameshaelewa: pengo ni shimo barabarani, na elektroni ni pikipiki, inazunguka pembeni inaendelea. Nusu ya jambo ni hivyo. Jani ni pana, njia ni nyingi, kwa hiyo atomi moja ikikosekana umeme haukatiki. Hilo ndilo jibu fupi kwa mwanafunzi wetu: unapita.

Lakini elektroni haiko kama pikipiki kwa kila jambo. Inatembea kama wimbi. Simama kwenye ukingo wa Lualaba siku ya utulivu uangalie mawimbi madogo yakikuta mti uliosimama majini. Hayaupiti kwa kuukwepa. Yanavunjika, mengine yanakwenda kando, mengine yanarudi. Elektroni nayo ikikuta pengo inatawanyika hivyo, na kila inapotawanywa, safari yake ya kwenda mbele inapungua. Hicho ndicho tunachokiita ukinzani wa umeme.

Grafini ina jambo lake la pekee. Mpangilio wa pembe sita ukiwa kamili, ni vigumu elektroni kugeuzwa na kurudishwa moja kwa moja ilikotoka, hata ikikutana na usumbufu mpana wa taratibu kama chaji iliyo chini ya jani. Pengo la atomi linavunja mpangilio wenyewe. Pale sasa elektroni inaweza kurudishwa. Ndiyo sababu kitu kidogo kama atomi moja iliyokosekana kina madhara makubwa kuliko ukubwa wake.

Hili lilipimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichukua grafini wakaipiga kwa chembe za heliamu na neoni ili kuitoboa kidogo kidogo, huku wakipima umeme. Kadiri walivyoongeza kipimo cha kupiga, ndivyo wepesi wa elektroni ulivyopungua. Walipolinganisha na chembe ngeni zenye chaji za idadi inayofanana, waliona kwamba kasoro za kutoboa zinapunguza wepesi huo mara 4 zaidi. Na walipoipoza sana grafini iliyotobolewa, ukinzani wake ulipanda badala ya kushuka. Waya wa shaba ukiupoza unapitisha umeme vizuri zaidi. Grafini iliyojaa mapengo inaelekea kuwa kizuizi.

Mwaka huo huo kule Manchester walipandisha atomi za hidrojeni juu ya grafini. Kila hidrojeni inapokamata kaboni, inachukua ile elektroni ya nne iliyokuwa huru. Jani lililokuwa linapitisha umeme vizuri likaanza kuuzuia. Kisha walilitia joto, hidrojeni ikatoka, na uwezo wa kupitisha umeme ukarudi. Kwa hiyo kuna kasoro inayorekebishika na kuna nyingine ambayo ni ngumu kurekebisha: mgeni anaweza kuondoka, lakini pengo linahitaji atomi nyingine ya kulijaza.

Paneli: mgeni anayehitajika

Hapa mwalimu alinigeuzia mambo. Alinionyesha paneli ya jua iliyoegemezwa ukutani, akauliza: "Hii nayo ikiwa safi kabisa, bila atomi ngeni hata moja, itawasha taa?" Jibu ni hapana.

Paneli zetu nyingi ni za silikoni, inayotokana na mawe na mchanga wa kwatzi. Kiwandani wanaisafisha kwa gharama kubwa mpaka inakaribia kuwa silikoni tupu. Kisha wanaingiza wageni kwa makusudi na kwa kipimo. Upande mmoja wanatia boroni, yenye elektroni za nje tatu. Upande mwingine wanatia fosforasi, yenye tano. Silikoni yenyewe ina nne. Katika sehemu kubwa ya unene wa paneli, mgeni ni mmoja katikati ya mamilioni ya wenyeji, na hao wachache wanatosha. Pale upande wa boroni unapokutana na upande wa fosforasi, panatokea nguvu ya kusukuma elektroni upande mmoja. Jua likipiga na kuzifungua elektroni, nguvu hiyo inazielekeza kwenye waya. Pasipo wageni hao, paneli ni kioo cheusi tu.

Lakini silikoni hiyo hiyo ikiingiwa na chuma kidogo sana, uwezo wake unashuka, kwa sababu chuma kinazinasa elektroni kabla hazijafika kwenye waya. Kwa hiyo mtu akikuambia "kitu hiki kina kasoro", bado hajakuambia kitu. Muulize: kasoro gani, ngapi, iko wapi, na je, njia nyingine ya kupita ipo?

Swali hilo hilo mbele ya duka la paneli

Swali la njia nyingine ni muhimu kwa mfuko wetu. Familia nyingi za wahami zinanunua paneli ya mitumba kwa pesa ya mwisho, ili simu ipate moto na watoto wasome usiku. Paneli hizo zimefika huku juu ya pikipiki, zimefungwa kwa kamba, kwenye barabara mnayoijua. Kioo hakikuvunjika, lakini ndani silikoni imepata nyufa nyembamba ambazo jicho haliwezi kuziona.

Kwenye jani la grafini umeme una njia nyingi. Ndani ya paneli seli zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine, kama barabara moja yenye madaraja mengi. Paneli ya kuchaji betri ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36, na kila seli inatoa karibu nusu volti. Seli moja ikiharibika, au ikifunikwa na jani la mgomba, umeme wa zote unabanwa na ile moja. Nayo inaweza kupata moto na kuungua.

Nilimuuliza fundi mmoja wa hapa jinsi ya kujikinga. Alisema watu wengi wanadanganyika kwa volti. Paneli nzuri ya volti 12 ikiwekwa juani bila kuunganishwa na kitu inaonyesha volti 20 na zaidi, na mteja anafurahi. Lakini paneli yenye nyufa nayo inaweza kuonyesha volti hizo hizo, na kinachoshuka ni ampea. Kwa hiyo:

Kwanza, nunua mchana, jua likiwa wazi, si jioni.

Pili, mwambie fundi apime volti na pia ampea, halafu alinganishe na maandishi yaliyo nyuma ya paneli. Kupata chini kidogo ni kawaida, maana maandishi yale ni ya jua kali kabisa. Kupata chini ya nusu, jua likiwa wazi, ni dalili mbaya.

Tatu, angalia nyuma na mbele kama kuna alama ya kuungua, rangi ya kahawia au mistari kama njia ya konokono. Mistari hiyo mara nyingi inafuata ufa.

Nne, ukishaifunga, futa vumbi na ondoa kivuli, hata kivuli cha kamba ya nguo.

Kuhusu pile, zinapoisha si kwa sababu kijiti cha kaboni kimechoka. Zinki imeliwa na dawa imeisha nguvu. Kuzianika juani kunaamsha kidogo mabaki, ndiyo sababu redio inaimba tena kwa muda mfupi, lakini hakurudishi zinki iliyoliwa, na pile inaweza kuvuja ikaharibu redio. Msizitupe motoni, na watoto wasizivunje ili kuchezea ile dawa nyeusi.

Mawe yetu, masomo yetu

Narudi kwa baba aliyepiga simu. Maniema ni jimbo la mawe. Kasiteriti na koltani zinatoka hapa, na Kabambare ina dhahabu ya Namoya. Wengi wa wanaosoma maandishi haya wamechimba, wamebeba, au wamekimbia kwa sababu mahali pao pana mawe. Koltani inatoa tantalamu. Katika simu, tantalamu inatengenezewa kifaa kidogo cha kutunza chaji, na siri yake ni ngozi nyembamba mno ya oksidi inayozuia umeme usipite. Ngozi hiyo ikiwa na kasoro, umeme unavuja, na kifaa kinaweza kuungua. Hapo kasoro haizuii umeme, inaupitisha pale usipotakiwa. Na betri ya simu hiyo hiyo, upande mmoja ni grafiti. Majirani zetu wa Tanzania wana grafiti nyingi huko Mahenge na Ruangwa, na Msumbiji inayo huko Balama.

Tunajua bei ya kilo ya mawe hayo kwenye shimo. Nani kati yetu anajua yanafanya nini yakiwa ndani ya simu anayoishika mkononi? Tofauti ya bei kati ya shimo na duka iko kwa sehemu kubwa katika ujuzi huo, ujuzi wa kusafisha, kupima, na kuweka atomi mahali pake. Mtoto aliyekimbia na daftari moja akiuliza habari za atomi, hajasahau kwamba mama yake analala chini. Anatafuta namna ya kutoka pale chini. Redio inayomnyamazisha itakuwa imemwongezea hasara nyingine juu ya ile aliyokwisha kupata.

Tutaendelea kusoma habari za barabara, za usalama na za waliopotezana. Dakika chache za masomo hazitachukua nafasi hiyo. Wazazi wenyeji mliopokea familia, ninyi mnaweza kusaidia kwa jambo moja: saa ya kipindi ikifika, wakaribisheni watoto wote wa nyumba karibu na redio, wa kwenu na wa wageni.

Kwa mwanafunzi wetu na wenzake, jaribio la kufanya nyumbani ni hili. Chukueni kreyo, mchonge ncha zote mbili. Chukueni pile mbili ndogo za redio, mziunganishe moja nyuma ya nyingine, na kataa moja ya tochi, ile ndogo ya LED. Pitisheni umeme katikati ya kreyo mpaka kwenye taa. Isipowaka, geuzeni waya zake, maana taa hiyo inakubali upande mmoja tu. Itawaka hafifu. Kisha ijaribuni kreyo ngumu, yenye alama ya H, na laini, yenye alama ya B. Ngumu ina udongo mwingi, na udongo haupitishi umeme, kwa hiyo chembe za grafiti zinagusana mahali pachache. Mwisho vunjeni kreyo katikati, taa itazimika, kwa sababu hapo hakuna njia nyingine ya kupita. Msitumie betri kubwa ya paneli wala ya gari kwa jaribio hili, itaunguza mikono.

Andikeni mlichoona, mweleze kwa nini, mtuletee karatasi redioni. Mwalimu amekubali kuzisahihisha, na majibu tutayasoma hewani.